Gunia limetulia kwenye ubao, msuguano ni 303 au 250? Msaada wakuu

kibarua_mbuyuni
Wakuu kwema? Niko Moshi, mchana napakia mizigo pale Mbuyuni, jioni tyusheni maana narudia fizikia ya fomu foo, ilinilaza. Juzi tumepewa swali, gunia la kilo 50 limetulia kwenye ubao ulioinama nyuzi 30, myu (namba ya ukwaruzo kati ya gunia na ubao) 0.7, g (mvutano wa dunia) weka 10, tafuta msuguano. Mi nikapiga R (nguvu ya ubao kulisukuma gunia) = 500 cos 30 ikaja 433, zidisha 0.7 nikapata nyutoni 303. Nimekula mkasi!! Ticha anasema 250, kumuuliza kwa nini anasema muda umeisha. Sasa si tumeambiwa msuguano ni myu mara R au wamebadilisha?

mzee_wa_mbege
Kilo 50 gunia gani hilo mangi, Mbuyuni si lumbesa tu 😂

Njiro_chalii
Ticha kachemka. R ni uzito, 500, mara 0.7 ni 350. Kwisha habari.

fundi_mbao_Soweto
Chalii wangu wa Arusha usimpoteze mwenzio. R sio 500, ingekuwa 500 kama ubao umelala chini kabisa. Ukiinama, sehemu ya uzito inaukandamiza ubao (500 cos 30 = 433) na nyingine inavuta gunia kushuka (500 sin 30 = 250). Ukisahau ipi sin ipi cos jiulize ubao ukiwa nyuzi 0 nini kinavuta kushuka? Hakuna, na sin 0 ni 0, basi inayoshuka ndo ya sin.

Sasa kibarua, kinachovuta kushuka ni 250. We unasema msuguano unavuta kupanda kwa 303. Kwa hiyo gunia litapanda lenyewe mpaka kwenye Fuso? Aisee ungekosa kazi. Limetulia, basi kupanda na kushuka ni sawa, 250. Hiyo 303 ni mwisho wa uwezo wa msuguano, kama mangi wa duka anavyokwambia mwisho wa kukopa ni elfu 30, haimaanishi unadaiwa elfu 30, unadaiwa ulichochukua.

kibarua_mbuyuni
Daaah kumbe! Mbona noti zinaweka tu fomula bila kusema hivyo. Sasa myu mara R naitumia lini?

fundi_mbao_Soweto
Swali likisema linakaribia kuteleza, au linateleza kabisa (hapo myu ni ile ya mwendo, huwa ndogo kidogo). Ukizidi kuinua ubao inayoshuka inaongezeka na R inapungua, zinakutana pale tan ya pembe inapolingana na myu. Kwa 0.7 ni kama nyuzi 35. Na kilo zinakatana, hazimo kabisa.

mzee_wa_mbege
Yaani lumbesa na kilo 50 zinaanza kuteleza nyuzi ileile? Acha bwana.

fundi_mbao_Soweto
Ileile, kama ubao na gunia ni vilevile. Mvua ikinyesha ubao ukalowa myu ikashuka chini ya 0.58, hapo hata kwenye nyuzi 30 yako halikai.

Njiro_chalii
Nimefuta usemi 🙏

kibarua_mbuyuni
Leo nimepima ubao wetu kwa simu, nyuzi 24. Bosi kaniuliza unafanya nini nikasema natafuta msuguano, akasema utaupata sasa hivi, beba gunia.