Tupeane uzoefu: muvi gani ya vita au ya zamani ilikudanganya mpaka ukaumbuka?

Wakuu, umeme umerudi sasa hivi hapa Tabata nikakumbuka aibu yangu. Nilibisha kijiweni kwamba Wamarekani ndo waliteka mashine ya siri ya Wajerumani, ile Enigma, kwenye nyambizi, maana nimeona kwa macho yangu kwenye muvi ya U-571, dau kahawa na kashata za kijiwe kizima. Jamaa katoa simu taratibu. Mei 1941, meli ya Waingereza HMS Bulldog ndo iliiteka, kwenye nyambizi ya Wajerumani U-110, na Marekani wenyewe walikuwa hata vitani hawajaingia, wameingia Desemba!! Nililipa watu tisa. Haya leteni zenu

Wa Mbagala:
Mi kibanda umiza ndo kilinilea, stering hafi na risasi haziishi. Sasa baba mdogo kapigana Kagera, siku hiyo kaja kunifuata nirudi nyumbani, kasimama mlangoni kaangalia kidogo kaanza kucheka. Kaniuliza magazini ya ile bunduki inachukua ngapi? Thelathini. Ukiachia mfululizo ni sekunde tatu tu imekwisha, na huyo jamaa anapiga tangu niingie. Halafu njiani akaniambia vita aliyoijua yeye ilikuwa kutembea, mzigo mgongoni, mvua, matope, siku nzima hujaona adui, hivyo hivyo mpaka Kampala Aprili 1979. Nani atalipa kiingilio aangalie watu wanatembea?

Wa Ubungo, ila mtu wa Kigoma:
The African Queen, ya 1951. Wazungu wawili kwenye kiboti wanailipua meli ya Wajerumani ziwani kwa torpido za kutengeneza wenyewe. Wakati ile meli wameiiga Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao Julai 1916 isije ikachukuliwa, na injini wakazipaka grisi kabisa wakijua ipo siku watairudia. Aliyeitoa majini ni Mwingereza, 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mi nimeipanda na bibi na magunia ya dagaa, halafu mtu ananiambia ililipuliwa!

Wa Sinza:
Mnajitesa bure. Commodus wa kweli, yule mfalme wa Roma, alinyongwa na mcheza mieleka mwaka 192, wala sio kuuawa uwanjani mbele ya watu kama kwenye Gladiator. Mi naichukua ya uwanjani. Nikitaka ukweli nitasoma kitabu

Mleta mada:
@Wa Sinza sawa, ila kahawa ungelipa wewe

Wa Kinondoni:
Nyie mmedanganywa, mi nimedanganya. Nilichukuliwa kuigiza mpagazi wa msafara, muvi ya zamani hizo za pembe za ndovu, tunashutia Bagamoyo. Tukavalishwa kaniki, pembe zenyewe za boksi zimepakwa rangi, posho ndogo na wali maharage. Jua linachoma, msimamizi anafoka tuonekane tumechoka, kwani nani alikuwa hajachoka? Katikati ya shoti simu yangu ikaita humo ndani ya kaniki, singeli, sauti ya juu. Sikutaka turudie nikainama hivyo hivyo na pembe begani. Akafurahi, akasema hiyo ndo hisia anayoitaka, sauti wataiondoa. Ipo mpaka leo. Mpagazi wa tatu kutoka kushoto halii, anazima simu.