Shangazi karudi kutoka Kisumu, simu zisipigwe

*UKOO WA BIBI, NYAKATO MWANZA* 🏠

Neema: Shikamooni wakubwa wote. Shangazi kafika? napiga simu inaita tu

Masanja: Kafika saa nane usiku. Mimi ndo nilimfuata stendi Nyamhongolo na bajaji, mzigo ulijaa mpaka mimi nikakaa pembeni ya dereva nusu nje nusu ndani

Baba Mkubwa: Saa nane?? Si alisema saa nne atakuwa nyumbani anakula

Masanja: Tairi baba mkubwa. Ila mwacheni alale kwanza

Mama Pendo: Alale ndio ila mapazia yangu yamekuja? 😁

Neema: Mamdogo jamani

Mama Pendo: Nauliza tu

Shangazi Kulwa: Nimeamka kwa kelele zenu. Naandika maana sauti imekauka. Jamani nimechoka hoi, kiuno si changu, miguu imevimba mpaka mikanda ya ndala imeacha alama kama nimefungwa kamba, tumetoka Kisumu alfajiri na matatu mpaka Isebania mpakani, pale mnavuka kwa miguu upande wetu Sirari, uhamiaji wa nchi zote mbili wako jengo moja siku hizi kwa hiyo kugonga mihuri haikuchukua muda, kilichochukua muda ni mzigo, halafu ndo tukapanda basi hilo sasa sitaki hata kulitaja jina

Neema: Pole shangazi. Tairi lilipasukia wapi?

Shangazi Kulwa: Tumepita Bunda vizuri, hatujafika Lamadi, paaaa! Na pale mnapajua, mkono mmoja ni hifadhi ya Serengeti. Giza totoro, jeki haipo, konda anasimamisha malori. Dereva akasema anayetaka kujisaidia ajisaidie hapohapo kwenye mwanga wa taa asivuke mtaro. Kuna baba mmoja na suti yake alijifanya mwanaume akasogea gizani, fisi akalia mara moja tu, alirudi na zipu wazi 😂😂

Doto: 😂😂😂 pacha wangu unaniua

Baba Mkubwa: Mnacheka lakini wazee wetu walikuwa wanapanda meli, Mwanza, Musoma mpaka Kisumu, mtu analala anaamkia bandarini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyovunjika 1977 na raha hiyo ikaisha

Shangazi Kulwa: Kaka jana ningepanda hata mtumbwi

Masanja: Shangazi forodhani ulilipia?

Shangazi Kulwa: Masufuria sikulipia ushuru wa forodha. Yale kafua fundi wa jua kali palepale Kisumu, ni mali ya Kenya, na mzigo ukiwa chini ya dola 2,000 wanakujazia cheti cha uasili kile kifupi, cha kuonyesha mali imetengenezwa wapi, mpakani hapohapo. Mitumba sasa ndo ilinitoa jasho. Nilijua nimenunua soko la Kibuye Kisumu basi ni ya Kenya, kumbe nguo imetoka Ulaya huko, kuipitisha Kisumu hakuifanyi iwe ya Afrika Mashariki, ushuru ukapigwa

Mama Pendo: Kwa hiyo lile shati la Baba Pendo si elfu nne tena?

Shangazi Kulwa: Wifi elfu sita na mia tano

Mama Pendo: Mhhh

Shangazi Kulwa: Usigune. Kibuye Jumapili shati ni mia mbili ya Kenya, zidisha ishirini ndo hiyo elfu nne yako, weka nauli, weka ushuru, weka kuli wa Sirari aliyebeba mabegi yangu mawili ya shangazi kaja kama kabeba bibi harusi. Mimi mitumba basi, nitachukua soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza kama watu wote. Sufuria ndo nitazifuata tena, njoo uone unene wake, ukiigonga inalia ngoo kama kengele ya kanisa, hizi za huku unapika makande mara mbili kitako kimebonyea

*Mama Pendo: Ujumbe huu umefutwa*

Doto: Tumeusoma 😂

Mama Pendo: Nilikosea grupu

Neema: Shangazi na raba zangu nyeupe namba 38?

Shangazi Kulwa: Zipo mwanangu ila moja ina doa la mafuta, nilibeba samaki wa kukaanga wa kula njiani mfuko mmoja na raba. Usilie, sugua na dawa ya meno

Neema: Shangaziiii 😭 samaki unatoka naye Kisumu unakuja naye MWANZA???

Masanja: 😂😂😂😂

Baba Mkubwa: Kulwa kweli

Shangazi Kulwa: Nilikuwa na njaa! Haya, mizigo mje kuanzia saa kumi, mje na hela mkononi, habari ya nitakutumia baadae sitaki. Doto ukipita Buzuruga nichukulie dawa ya kuchua

Doto: Ya bei gani

Shangazi Kulwa: Yoyote inayowasha

Mama Pendo: Wifi, shati nalichukua kwa elfu tano na mia tano

Shangazi Kulwa: Sita.

Mama Pendo: Na mapazia?

Masanja: Shangazi kashalala, simu iko kwangu. Mapazia sijayaona humu ndani