Familia ya Mvumi: kuhusu Neema na Baraka

Eliza: Mbukwenyi familia. Poleni na majukumu. Hili jambo ninalo moyoni toka tumzike dada Tabitha na leo naliweka hapa wote mlione. Mimi na mume wangu tumekubaliana tumchukue binti yake Neema aje huku Texas aishi na sisi awe mtoto wetu kabisa kisheria, chumba kipo, shule iko jirani, na nilimuahidi dada kwamba wanae hawatahangaika. Naomba mnielekeze huko nyumbani naanzia wapi, kwa mtendaji au mahakamani

Mama Debora: Mbukwa mwanangu Mungu akubariki kwa moyo huo. Nimemwambia bibi yenu amelia kidogo lakini amefurahi. Anauliza na Baraka mdogo wake je

Wifi Anna: Amina jamani. Ila kweli wifi, na Baraka?

Eliza: Baraka bado mdogo nikafikiri abaki kwanza na bibi alafu baadae tuangalie

Festo: dada eliza mbona rahisi tu iyo, neema akatiwe pasipoti apa uhamiaji alafu aombewe viza ya matembezi, akishafika uko unamuandikisha shule mambo ya mahakama mnamalizana ukouko. kuna jamaa hapa majengo sokoni dada ake alimchukua mtoto ivoivo

Mjomba Yona: Festo subiri kwanza. Rehema upo? Wewe ndio kazi yako hii ya mambo ya watoto.

Rehema: Nipo kaka, niko fildi huku Manyoni netiweki inakatakata. Eliza mdogo wangu Mungu akulipe kwa hilo wazo. Kabla sijaandika mengi nikuulize kitu kimoja, ulishaapa uraia wa huko au bado unatumia grinikadi?

Eliza: Niliapa dada, nina pasipoti ya Marekani sasa

Rehema: Haya basi hapo ndipo penyewe. Nchi yetu mtu mzima haruhusiwi uraia pacha, kwahiyo siku ulipoapa kule kwa hiari yako huku ukaacha kuwa raia, haijalishi umezaliwa Mvumi na kitovu chako kimezikwa hapo. Kwa upande wa kuasili, yaani kumfanya mtoto awe wako kisheria, sheria inakuhesabu mgeni kama Mmarekani mwingine yeyote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema asiye raia anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo, awe amemlea huyo mtoto hapa angalau miezi 3 afisa ustawi akimfuatilia, asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala kokote, alete barua ya mamlaka ya nchi yake kwamba anafaa kulea, na mahakama iridhike kwamba nchi yake itaitambua hiyo amri. Na juu ya yote hayo iwe imeonekana kweli mtoto hawezi kupata malezi mazuri hapahapa nyumbani. Amri yenyewe inatoka Mahakama Kuu, hakuna mtendaji wa kata wala mwenyekiti wa mtaa anayeweza kukuandikia.

Eliza: Miaka mitatu???? Dada mimi nina kazi, nina nyumba ya mkopo, mume wangu ndo kwanza kaanza kazi mpya

Eliza: Yani damu yangu kabisa mtoto wa dada yangu wa tumbo moja alafu nahesabiwa kama mtu baki. Inauma sana

Wifi Anna: Pole wifi yangu 😢

Rehema: Inauma najua. Ila nikwambie ile sheria haikuwekwa kwa ajili yako. Imewekwa kwa sababu watoto wa Afrika wamebebwa sana na watu wenye maneno mazuri.

Kelvin: Shikamooni wote. Ni kweli anachosema dada Rehema. Mwaka 2007 kule Chad kuna shirika la Wafaransa lilikamatwa likitaka kupandisha ndege watoto 103, wakasema ni yatima wa Darfur, ilipokuja kuchunguzwa wengi wao wana wazazi na ni watoto wa Chad hukohuko mpakani, wazazi waliambiwa watoto wanapelekwa shule. Alafu Ethiopia walikua wanatoa watoto wengi sana kwenda nje ila 2018 wakafunga kabisa, Kenya nao walisimamisha wageni kuasili 2014. Na Korea Kusini ndo kubwa kuliko, wametoa watoto kama laki 2 toka miaka ya 50, 2025 tume yao yenyewe imesema karatasi za watoto wengine zilipikwa, mtoto ana mama yake anaandikwa ameokotwa. Sasa ni watu wazima wanazunguka wanatafuta mama zao

Mama Debora: Ee Mungu

Eliza: Kelvin asante lakini mimi sio wale. Mimi ni mama yake mdogo. Msinifanye kama mtu anakuja kuiba mtoto

Mjomba Yona: Hakuna anayekufanya hivyo Eliza. Sote hapa tunajua nani alilipa hospitali. Tunazungumza tujue njia.

Festo: mi bado naona ya viza ndo fupi. au kama shida ni karatasi si tumuandikishe upya RITA kwenye vyeti vya kuzaliwa aandikwe mama ni eliza, cheti chenyewe si hana bado

Rehema: Festo mdogo wangu naomba unisikilize vizuri na hili lisirudiwe tena humu. La viza, ukiomba ya matembezi na nia yako mtoto abaki umeudanganya ubalozi, ikijulikana anarudishwa na safari ijayo hata akiomba kwa haki hawamuamini, na sisi tuliosaini huku tunaweza kuitwa kujieleza chini ya ile sheria ya 2008 ya usafirishaji haramu wa binadamu. Yule wa jamaa yako amepita salama sawa, lakini uliza leo huyo mtoto ana karatasi gani, maana wapo waliopelekwa wadogo wakakua wanajijua ni wa kule, anafika kuomba kazi au chuo ndo anaambiwa hana hadhi yoyote. La cheti, ubalozi ukitilia shaka unaomba vipimo vya vinasaba, na hata wasingepima, Neema ana mama yake na kaburi lake liko Mvumi tunalipalilia. Hatumfuti Tabitha kwenye karatasi ili safari iwe fupi.

Wifi Anna: Asante Rehema. Hapo umesema na moyo wangu

Festo: sawa dada nimekuelewa sirudii

Eliza: Basi na mimi niseme ukweli. Kuna mtu Dar nilielekezwa na rafiki anasema ni wakala, anataka dola elfu nne alafu anasema miaka mitatu ataishughulikia mahakamani nisiwe na wasiwasi. Sijatuma bado

Rehema: Usitume. Hakuna mtu wa kushughulikia miaka mitatu mahakamani. Jaji anaangalia vibali vyako vya kuishi na mihuri kwenye pasipoti. Namba ya huyo mtu nitumie pembeni.

Mjomba Yona: Eliza na huko kwenu Marekani wanasemaje? Maana tunazungumza upande mmoja tu.

Eliza: Huku nako kaka. Niliongea na shirika moja lenye kibali la mambo ya kuasili. Wakasema kwa vile Tanzania haimo kwenye mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi tunakwenda na fomu za uhamiaji wa huku za mtoto yatima, I-600A na I-600, lazima waje kukagua nyumba yetu, mapato, alama za vidole zetu wote wawili, na maombi yaingie kabla mtoto hajatimiza miaka 16. Hapo nilikua sawa. Ila wakaniuliza sana kuhusu baba. Wanasema kwao yatima ni asiye na wazazi wote, au kabaki mzazi mmoja asiyeweza kumtunza na amesaini kwa maandishi kwamba anamuachia moja kwa moja. Nikawaambia baba hayupo

Mama Debora: Mwanangu baba yupo. Wakati wa msiba alipiga simu kwangu yuko Geita kwenye machimbo. Alisema hana nauli. Sikuitangaza kwa vile watu walikuwa na hasira nae

Eliza: Mama mkubwa!!

Mjomba Yona: Dah.

Rehema: Mama mkubwa umefanya vizuri kusema sasa. Eliza ile fomu usiijaze kwa neno hayupo, kwa sababu ubalozi wanafanya uchunguzi wao wenyewe kuhakikisha mtoto ni yatima kwa tafsiri yao, na simu moja tu Geita inaangusha kila kitu. Na huku kwetu pia ridhaa ya mzazi inatakiwa. Mahakama inaweza kuendelea bila yeye kama ametelekeza watoto au hapatikani, ila lazima ionyeshwe kwamba ametafutwa kweli na kuulizwa. Mimi binafsi simpendi yule bwana kwa alivyomfanyia Tabitha, lakini ni baba yao na aitwe.

Mjomba Yona: Nitampigia mimi. Mama mkubwa nitumie hiyo namba.

Mama Debora: Na kile kiwanja cha Tabitha cha Nkuhungu na shamba la huku mnaliwekaje. Bibi anauliza watoto wasije wakapoteza cha mama yao

Rehema: Bibi ana akili kuliko wanasheria. Akishaasiliwa kisheria anakuwa kama amezaliwa na Eliza na mumewe, wazazi wa kuzaliwa haki na wajibu wao unakoma, kwahiyo cha Tabitha kigawanywe kwanza kwenye mirathi kabla ya chochote, majina ya watoto yawe kwenye muhtasari wa kikao na msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakama ya mwanzo. Na kuna jingine ambalo watu hawaliwazi. Mtoto akiasiliwa huku hadi mwisho ndo akaingia Marekani kwa viza ya ukaazi chini ya miaka 18 akaishi na mzazi raia, anakuwa Mmarekani palepale bila kuapa. Kwetu akifika miaka 18 anatakiwa achague uraia mmoja, akichagua wa kule anakuwa mgeni, na mgeni hamiliki ardhi hapa kama raia. Yani Neema anaweza kurudi siku moja mtu mzima kiwanja cha mama yake kikamsumbua kukishika kwa jina lake.

Kelvin: Hii sikuwahi kuiwaza ata kidogo

Eliza: Kwahiyo kila mlango umefungwa

Rehema: Haujafungwa mdogo wangu. Neema ana miaka 10. Ukisema unarudi kuishi Dodoma miaka 3 na vibali halali, ukawa unamlea mwenyewe, miaka yako 3 ya hapa inatimia akiwa na 13, mahakama ikichukua muda wake bado hajafika 16 ya kule. Na wengine wanapita njia ile ya kukaa na mtoto miaka 2 ukiwa mzazi wake kisheria alafu unamuombea kama mwanao bila hayo mambo ya yatima, muulize mwanasheria wa uhamiaji huko, mimi ya huko sio kazi yangu. Inawezekana ila inadai maisha yako yahame yaje kwa mtoto. Na akienda mmoja nitapinga nikiwa hai, mkiasili wawe wawili. Wale watoto wamezika mama, huwezi tena kuwatenganisha.

Wifi Anna: Niseme kitu. Neema yupo hapa kwetu Ipagala wiki hii ya likizo. Jana wakati tunachambua mlenda nilimuuliza kidogokidogo bila kumtisha, angependa kwenda kuishi kwa mama mdogo Marekani? Akasema anapenda ndege. Nikamuuliza na kukaa hukohuko? Akakaa kimya alafu akaniuliza Baraka atalala na nani. Mimi nikaondoka pale nikaenda jikoni

Eliza: 😭😭😭

Mama Debora: Baraka kila usiku anamtafuta dada yake

Rehema: Na hilo hata jaji anatakiwa alizingatie, maoni ya mtoto yamo kwenye sheria. Mtoto anaondoka kwa bibi, anaacha Kigogo anachoongea na bibi, anaacha shule anakojulikana, anafika mahali kila kitu kipya na mama amemzika juzi. Nimeona watoto wanahamishwa Singida kuja Dodoma tu wanaacha kula, sembuse huko. Naogopa afya ya moyo wa huyu binti kuliko hizo fomu.

Mjomba Yona: Naomba niongee kama kaka mkubwa. Mimi na Anna tumezungumza usiku. Watoto wote wawili waje hapa Ipagala shule ikifunguliwa, bibi wanaenda kumuona kila mwisho wa wiki Mvumi si mbali. Chumba cha nyuma nitakipiga lipu. Hatutaki kumnyang'anya Eliza nafasi yake, abaki mama yao mdogo na sauti yake iwepo kwenye kila jambo lao. Ada na matibabu kama anaweza atusaidie kwa sababu mimi peke yangu siwezi na sioni aibu kusema.

Eliza: Kaka ada yote ni yangu mpaka chuo. Hilo halina mjadala

Eliza: Ila na mimi nisiwafiche, kumuachia inaniuma. Nilishanunua kitanda

Wifi Anna: Wifi kitanda hakiozi. Waje likizo kwa viza ya kweli ya kutembea na warudi. Na wewe ukirudi mwezi wa kumi na mbili ukae nao hapa ulale nao chumba kimoja wakuzoee

Rehema: Hivyo ndivyo. Na ile ya miaka 3 kaa na mumeo muiongelee taratibu, kuna Watanzania wamerudi na kazi wamepata. Sisemi hivyo kukufariji, nasema kwa sababu ndio njia pekee iliyo safi ukitaka wawe wako kwa karatasi.

Eliza: Tutaongea. Mume wangu anasoma hapa natafsiri kila meseji. Anauliza kama Yona anahitaji simenti kwa hicho chumba

Mjomba Yona: Mwambie mifuko mitano inatosha na Mungu ambariki.

Rehema: Jumamosi kikao kwa bibi. Nahitaji kadi za kliniki za watoto wote wawili, vyeti vya ubatizo, cheti cha kifo cha Tabitha na kitambulisho cha nida cha kaka, tuanze na RITA vyeti vya kuzaliwa alafu mirathi. Mama mkubwa kadi ziko wapi?

Mama Debora: Ziko kwenye begi la bluu la Tabitha chumbani kwa bibi, kadi ya Baraka imeloa kidogo ila inasomeka

Festo: mi kesho asubui naenda mvumi na pikipiki nazichukua. mama mkubwa mwambie bibi asiwape watoto wachezee. na ya geita kaka yona umempigia au nijaribu mimi

Mjomba Yona: Inaita haipokelewi. Najaribu tena saa mbili usiku akitoka shimoni.