Mzee hashuki tena barazani: ni uzee au ni maradhi?

MwanaAmu: Asalaam alaykum. Baba ana miaka 74, nahodha mstaafu. Tangu Mfungo Mosi hashuki barazani. Husingizia magoti. Jamaa wanasema ni uzee, mwacheni. Nitajuaje?

Muuguzi_Mkomani: Waalaykum salaam. Uzee peke yake hauui moyo. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba mtu akiona muda uliobaki ni mchache, hupunguza watu kwa hiari akabaki na wa karibu, na mara nyingi hutulia kuliko kijana. Basi usihesabu aliowaacha. Tazama mjukuu akiingia: uso wamchangamka? Kama hata huyo hamtaki, chakula hakipiti na usingizi umeharibika kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke kliniki. Kuna dodoso la kupima sonona (maradhi ya huzuni iliyozidi), maswali 15 ya ndiyo au la. Alama 5 kwenda juu, achunguzwe zaidi. Nyumbani usimuulize "una huzuni?" Atajibu alhamdulillah, na mazungumzo yameisha. Muulize kalalaje, na jana nini kilimpendeza.

Fundi_wa_Masikio: Mimi ningeanza na masikio na kibofu. Barazani watatu husema kwa pamoja, na sauti kama s, f na th ndizo zinazompotea mzee mwanzo. Hucheka pasipo kichekesho, huona haya, mwisho hashuki. Apimwe, nta itolewe (si kwa kijiti cha pamba, kinaisukuma ndani). Mkalishe pembeni, ukuta nyuma yake, sikio zima liwaelekee watu. Je, anameza frusemide ya presha? Hukojoza ndani ya saa moja, na choo kiko ghorofani. Hapo magoti ni kisingizio cha heshima. Muulizeni daktari kuhusu saa ya kumeza, msijibadilishie.

MwanaAmu: Hilo la choo halikunijia kabisa! Nimrudishe vipi?

Muuguzi_Mkomani: Kidogo kidogo. Msingoje apate hamu; kitendo hutangulia, hamu hufuata. Baada ya Alasiri, dakika 10, mtu mmoja anayempenda, siku tatu kwa wiki. Wengi huharibu kwa kumletea umati siku ya kwanza. Mpe shughuli ya kweli: kijana aje afundishwe mafundo ya kamba. Akiandikiwa dawa ya sonona, huchukua wiki 4 hadi 6 kufanya kazi, msiikatize wiki ya pili. Ikiwa ni amitriptilini, ulizeni kama kuna nyingine: huzuia mkojo na huangusha wazee. Akisema amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali halimtii wazo hilo. Na akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, hiyo si sonona, hospitali siku hiyo hiyo.