Mrejesho: tatuu ya mkononi, wiki ya 3

Wakuu, ni mimi niliyeuliza nijiandae vipi kwa tatuu yangu ya kwanza, na niitunzeje kwa jua hili la Dodoma. Nimeshachora. Nilikwenda nimeshiba, pombe sikugusa tangu jana yake, na sindano mpya ilifunguliwa mbele yangu.

Kilichonitesa ni upepo na vumbi la huku Nzuguni. Siku ya 5 ngozi ilikauka, ikaanza kubanduka, inawasha hadi silali. Sikujikuna! Nilikuwa naosha kwa sabuni isiyo na manukato, nakausha bila kusugua, kisha mafuta kidogo sana (siku niliyozidisha palilowa, nikapunguza). Nje, shati la mikono mirefu.

Magamba yameisha, wino umekaa. Dada uliyenikataza kuyabandua, asante sana.