Mume wangu anataka turudishe nyumba tukaishi milimani. Nishaurini

BintiKisauni
Assalam aleikum wanajamvi. Tumepanga Kisauni, Mombasa. Mimi naandika mahesabu ya maduka kupitia mtandao, mume wangu ana kibanda cha kutengeneza simu Mwembe Tayari. Mtoto hatujajaaliwa bado. Mapenzi ya milima tuliyapata Taita, Kasigau na Vuria. Sasa mwenzangu kaja na wazo: mkataba wa nyumba ukiisha tusiuendeleze, tuuze vyombo, afunge kibanda, tuishi na mashanta mgongoni. Mlima Kenya, Kilimanjaro, Ruwenzori, Drakensberg ya Afrika Kusini, kisha Nepal na Alps za Ulaya. Kazi yangu inabebeka, yake haibebeki, kwa hivyo tutategemea mkono mmoja. Mavyaa kashasikia, kaniita, kaniuliza nimemlisha nini mwanawe. Na wazo wala si langu! Nimwambieje bila kumvunja moyo?

MpandajiNanyuki
Dada, mimi huongoza watu Mlima Kenya. Vuria ni mita 2,200 na kidogo, hapo mwili bado haujajaribiwa. Kwa wengi, shida ya hewa nyepesi huanza kama mita 2,500, na Lenana, kilele kimojawapo cha Mlima Kenya, ni 4,985. Mkishapita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, hata kama mnajiona mna nguvu. Kichwa kikigonga na kutapika juu yake, hakuna kupanda tena. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, ateremshwe usiku huo huo, msingoje kuche. Nyinyi wa pwani mnatoka usawa wa bahari, msikimbizane na watu wa Nyeri. Na mkubaliane mapema: yeyote atakayesema "turudi", mnarudi, bila kesi. Nimeona wanandoa wakigombania hilo kwenye baridi, si jambo la kupendeza.

BinMvita
Wote mnazungumza milima, hakuna anayezungumza pasipoti. Tanzania, Uganda na Rwanda mnaingia bila visa, na bebeni vitambulisho, maana ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ziko chini sana kuliko za wageni wengine. Afrika Kusini nako tumefunguliwa tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Beba cheti cha homa ya manjano.

Ugumu uko Alps. Visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, hata ukiipata, haikupi zaidi ya siku 90 katika kila 180. Na afisa wa ubalozi anataka aone una cha kukurudisha kwenu: kazi, biashara, nyumba, taarifa za benki. Mkisharudisha nyumba na kufunga kibanda, mtamwonyesha nini? Mzungu anauza kila kitu anazunguka dunia kwa sababu pasipoti yake haimuulizi kwao wapi. Sisi nyumba ndiyo visa. Mwambie hivyo mumeo, ataelewa kuliko ukimwambia unaogopa.

Nepal nako, tangu Aprili 2023 njia nyingi mgeni hatembei bila mwongozaji, na Kilimanjaro ni lazima siku zote. Watieni kwenye bajeti. Bima pia, someni inaishia mita ngapi, nyingi hazifiki 5,895 za Kilimanjaro.

MamaLikoni
Mavyaa mwachie mwanawe amjibu. Wewe ukijibu, maneno yatafika hadi harusi ya mjukuu. Na kibanda kisifungwe, wateja wa Mwembe Tayari wakishahama hawarudi.

Kiroboto254
Mnamtisha bure. Nendeni mkiwa bado na magoti.

BintiKisauni
Shukran nyote. Nimemsomea la BinMvita, kanyamaza, halafu kasema basi tubaki na nyumba ila tuhamie ya kodi ndogo zaidi, tuanze na hapa Afrika Mashariki. Kibanda anataka kumwachia binamu yake, hapo bado tunavutana, maana namjua huyo binamu. Tutaanza Lenana. Makoti na mifuko ya kulalia tununue huku?

MpandajiNanyuki
Msinunue, Nanyuki vinakodishwa, na Moshi pia. Viatu tu ndivyo muwe navyo vyenu. Tafuteni mitumba ya Kongowea, mvivae mitaani hadi viache kuwachubua. Aprili msije, ni masika. Januari au Februari njia huwa kavu.