Kibonzo cha mzee mwenye gubu: nakosea wapi?

Fundi_Barabara8: Wakuu, naandaa kibonzo cha gazeti la ukutani hapa Tanga. Mzee mwenye gubu anawashukia watu wenye kero, fremu mbili tu, kama vile vya zamani vya Everett True, yule mzee wa vibonzo vya Marekani. Tatizo, watu wanamwonea huruma anayepigwa.

Mwambani: Everett True alitoka magazetini Marekani kuanzia 1905 hadi 1927, kazi ya A. D. Condo na J. W. Raper. Fremu ya kwanza ni ya msumbufu: yeye ndiye anayebwabwaja, tena kwa kujiamini. Mzee kimya, kofia kichwani, tumbo mbele. Ya pili ndiyo kipigo. Nahisi mzee wako kanuna tangu fremu ya kwanza, kwa hiyo msomaji anaona mtu aliyetoka kwake na shari. Mpe uso mkavu.

Bi_Mkasi: Na anayepigwa ni nani? Ukimweka muuza kahawa au mtoto, umekwisha. Chagua anayejiona. Mfano: daladala ya Raskazoni, kijana kaweka simu spika, “Nipo Dar bwana, hela yako kesho!” Fremu ya pili mzee kaipokonya: “Haloo! Yuko Tanga, ndani ya daladala ya Raskazoni, shati la kijani. Mje!” Ngumi ya nini tena? Halafu mara mojamoja mzee naye akosee, mkewe amshukie. Bibi True alikuwa akimtwanga mumewe vizuri tu.

Kalamu_HB: Laza A4, kila fremu sm 13 kwa 16, mwanya mm 5. Andika maneno kwanza kwa penseli, ndipo uzungushie puto (kile kiduara cha maneno). Ukianza na puto, neno kama “wanatusumbua” utalibana mpaka lisisomeke. Fremu ya kwanza isizidi maneno 25, ya pili 12. Herufi mm 5. Ukikuza fotokopi kwa asilimia 141 hadi A3 zinakuwa mm 7, zinasomeka mtu akisimama hatua moja. Mzee mchore kwa kalamu ya mm 0.8, wengine mm 0.3, jicho liende kwake. Wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli, la sivyo unapaka masizi.

Fundi_Barabara8: Ni kweli, kanuna tangu mwanzo. Ila Bi Mkasi, fotokopi ni nyeusi na nyeupe. Shati la kijani watalijuaje?

Bi_Mkasi: Haya, shati la mistari.